Darasa la saba wanamaliza Septemba, kidato cha kwanza ni Januari: tuwazuieje mabinti wasiozwe katikati hapo?

mwalimu_wa_malezi

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Naomba tusaidiane jambo moja mahususi. Kwenye kata za vijijini huku Usukumani ndoa za utotoni zina msimu wake. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, matokeo yanatoka mwishoni mwa Oktoba au Novemba, sekondari zinafunguliwa Januari. Katika miezi hiyo binti hana mwalimu anayeita jina lake asubuhi. Ukimuulizia unajibiwa "huyo si ameshamaliza shule." Wapo pia wazazi wanaomwagiza binti akajaze madudu kwenye mtihani ili asichaguliwe, na mtu asipate pa kuanzia kuuliza.

Maswali yangu ni haya. Katika miezi hiyo, kisheria, binti ni mwanafunzi au si mwanafunzi? Tukipata fununu kwamba mshenga ameshakuja, tuanzie kwa nani, na tufanye nini siku ya kwanza? Na ile hoja ya wazee kwamba "ameshavunja ungo, amekomaa" tuijibu vipi bila kuwavunjia heshima?

Naomba mnipe hatua. Mikutano ya hadhara ya kutoa elimu inafanyika, na harusi nazo zinafanyika.

---

wakili_msaada

Mwalimu, nianze na sheria, maana hapo hata watendaji wa vijiji wanachanganyikiwa. Kuna sheria tatu, na ukishika moja tu utaangukia kwenye pengo lake.

Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya 2016, inasema ni kosa kwa mtu yeyote kumuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu ni miaka 30 jela. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo (hapo wanaingia mshenga, baba, hata shangazi) anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo cha miaka 5, au vyote viwili. Lakini swali lako liko palepale kwenye neno "mwanafunzi". Wakili wa utetezi atasema binti kamaliza la saba, kidato cha kwanza hajasajiliwa, kwa hiyo si mwanafunzi. Hoja hiyo ina nguvu mahakamani, msiidharau. Jina likitoka kwenye orodha ya waliochaguliwa, mkuu wa sekondari aliingize kwenye rejista yake siku hiyohiyo, asingoje Januari. Na shtaka lisitegemee sheria hii peke yake.

Kanuni ya Adhabu ndiyo nguzo yenu. Kumwingilia binti aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji, awe amekubali au hakukubali. Kuna mwanya mmoja mbaya: haihesabiwi ubakaji kama ni mke wa mtu huyo, ametimiza miaka 15, na hawajatengana. Sasa piga hesabu. Mtoto aliyeanza la kwanza na miaka 6 au 7 anamaliza la saba akiwa na 13 au 14. Mwanya huo haumfikii. Mwanamume hawezi kujificha nyuma ya neno "mke wangu". Ndiyo maana nasema tarehe ya kuzaliwa ndiyo kesi yenyewe.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo inayotumiwa kuwatisha wanaoripoti. Kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mahakama ikaachiwa kuruhusu hata 14. Kifungu cha 17 kikampa baba sauti ya kuridhia. Katika kesi iliyofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu Dar es Salaam ilitamka tarehe 8 Julai 2016 kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo tarehe 23 Oktoba 2019. Mtu akikuletea kile kitabu cha 1971, mtajie hukumu hizo mbili. Hata ukiachana nazo, kwa maandishi ya 1971 yenyewe ndoa ya binti wa miaka 13 ni batili tangu mwanzo. Haihitaji talaka. Wazazi wengi wanashindwa kumrudisha mtoto kwa kudhani mume lazima "amwache" kwanza, kumbe hakuna ndoa ya kuvunja.

Kuhusu ushahidi. Kesi nyingi huanguka kwa sababu umri haukuthibitishwa kwa mtu anayeruhusiwa kuuthibitisha. Umri unaelezwa na mtoto mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari, au kwa cheti cha kuzaliwa. Mwalimu akisema tu "yupo la saba, kwa hiyo ana 13" haitoshi. Baba akigeuka, mtafuteni mama, bibi au mjomba aliyekuwepo wakati mtoto anazaliwa. Na kama binti hajazidi miaka 14, hakimu lazima aandike kwamba mtoto ameahidi kusema ukweli kabla hajaanza kutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka akisahau kulikumbusha hilo, ushahidi wote unaweza kutupwa kwenye rufaa na mtu akatoka. Afisa anayemsindikiza mtoto alijue hilo mapema.

---

ustawi_wa_jamii

Naongezea kwa wakili upande wa utekelezaji.

Kazi ya Novemba inafanyika Agosti. Kabla ya mtihani, mwalimu wa malezi atengeneze orodha ya wasichana wote wa la saba: jina, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji, jina la mzazi, namba ya simu ya ndugu mmoja wa kike ambaye si mama mzazi (bibi au dada aliyeolewa mbali ni bora), na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Asiye na cheti, piga nakala ya kadi ya kliniki na ukurasa wa rejista ya kuandikishwa la kwanza. Nakala moja ibaki shule, ya pili iende kwa mtendaji wa kata, ya tatu kwa afisa ustawi. Sababu ya nakala tatu ni kwamba ndoa ikishapangwa, kadi ya kliniki hupotea nyumbani, na rejista za shule nazo zimewahi "kuliwa na mchwa" kwa wakati unaofanana sana na tarehe ya harusi.

Kisha mgawane majina. Mjumbe mmoja wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto awe na mabinti watano au sita, awaone kwa macho kila wiki mbili kuanzia siku ya mwisho ya mtihani. Kusikia kwamba "yupo, hajambo" hakuhesabiwi. Dalili za kutazama: binti amepelekwa "kumsaidia shangazi" kijiji kingine bila tarehe ya kurudi, haonekani tena kisimani wala dukani, kuna ng'ombe wageni zizini kwa baba asiye na sababu ya kununua, wanawake wanatwanga mahindi mengi kuliko kawaida.

Mkipata fununu, utaratibu wa kawaida ni mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata, afisa ustawi, Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Lakini jiulize kwanza kama mwenyekiti ni mwalikwa. Kama ni ndugu au amekula karamu ya uchumba, mruke. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki yake azipeleke serikali ya mtaa wake, na wewe una hiari ya kuanzia kata. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure na haihitaji ujitaje. Ukipiga, sema mambo yanayoweza kufanyiwa kazi: jina la binti, umri, shule, kitongoji, jina la baba na la mshenga, siku ya harusi, na njia ya kufika. "Kuna mtoto anaozwa huku kwetu" haimwondoi mtu ofisini.

Siku ya kuripoti ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Harusi nyingi ni Jumamosi. Ukiripoti Ijumaa jioni, gari halina mafuta na afisa yuko njiani kwenda kwao. Ripoti Jumatatu au Jumanne. Na msivamie sherehe ikiwa imeshapamba moto, watu wamekunywa, vijana wana fimbo. Hapo ndipo watu wanaumia na binti anatoroshwa kwa mlango wa nyuma. Aitwe baba ofisini siku tatu kabla, aandike ahadi mbele ya mtendaji, na binti aonekane ana kwa ana.

Jambo linalosahaulika mno ni usiku wa kwanza. Umemtoa, analala wapi? Ukimrudisha kwa baba jioni ileile, keshokutwa atakuwa mkoa mwingine. Muwe na familia mbili au tatu ambazo afisa ustawi ameshazikagua na kuziridhia kumhifadhi mtoto kwa muda, na ziwe nje ya ukoo. Asilale kwa mwalimu wala kwa askari, hata kama ni kwa nia njema, maana utetezi utageuza hilo kuwa tuhuma.

---

mkunga_wa_zahanati

Mwalimu, nijibu la kuvunja ungo.

Damu ya kwanza ni dalili kwamba mayai yameanza kupevuka. Haisemi lolote kuhusu mifupa. Huja wakati kasi ya kurefuka imeanza kupungua, na nyonga huendelea kupanuka kwa miaka kadhaa baada ya hapo. Kwa hiyo binti wa miaka 14 anaweza kushika mimba vizuri kabisa na akashindwa kujifungua. Hilo ndilo uchungu pingamizi: kichwa cha mtoto kinakwama, kinabana kibofu kwenye mfupa wa mbele siku nzima au mbili, nyama iliyobanwa inakosa damu, inakufa. Siku chache baada ya kujifungua, mara nyingi mtoto akiwa ameshafia tumboni, ile nyama iliyokufa inabanduka na kuacha tundu. Mkojo unatoka bila kukoma. Hiyo ndiyo fistula, na watu wa nyumbani huita kurogwa.

Wafugaji wanaelewa hili haraka kuliko mtu yeyote. Hakuna mzee anayependa mtamba apandwe mara tu anapoanza kutafuta dume, kwa sababu anajua ndama atakwama. Ila mwalimu, usiseme wewe maneno hayo, utaonekana unamfananisha binti yao na mfugo. Mtafute mzee anayeheshimika, umweleze kwanza, halafu aseme yeye.

Msiishie kwenye fistula tu. Mama aliye chini ya miaka 20 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na ya maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua kuliko mwenye umri wa miaka 20 hadi 24, na mtoto wake ana uwezekano mkubwa wa kuzaliwa njiti au na uzito mdogo.

Kama mmechelewa na binti ameshatolewa huko, mwahisheni kituo cha afya ndani ya saa 72 tangu alipoingiliwa ili apate dawa za kuzuia VVU. Dawa za dharura za kuzuia mimba hutumika hadi saa 120, ila kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Asiogeshwe kwanza, nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi au khaki, msitumie mfuko wa plastiki kwa sababu unyevu unaharibu vielelezo. Fomu ya PF3, ile ya matibabu kwa aliyeumizwa, inatolewa polisi, lakini msimcheleweshe matibabu kwa kuisubiri.

Na kama tayari ni mjamzito, kumgombeza hakusaidii kitu. Aanze kliniki kabla ya wiki 12, apimwe shinikizo la damu na wingi wa damu kila hudhurio, anywe vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi kila siku. Asizalie nyumbani, na wala asizalie kwenye zahanati yangu ambayo haina chumba cha upasuaji. Wiki mbili kabla ya tarehe awe ameshasogea karibu na kituo kinachofanya upasuaji. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu, uso kuvimba: siku hiyohiyo aende, hata kama ni usiku. Akishaanza kuvuja mkojo baada ya kujifungua, arudishwe mara moja. Tundu dogo likiwahiwa, mpira wa mkojo ukikaa wiki nne hadi sita linaweza kuziba lenyewe. Makubwa yanafanyiwa upasuaji, hospitali ya CCBRT Dar es Salaam hutibu fistula bila malipo, na hospitali ya Bugando pale Mwanza nako wapo mabingwa.

---

maendeleo_ya_jamii_kata

Wenzangu wamesema vizuri, lakini naona wote tunamtazama baba kama mkosaji tu. Tutazame zizi lake pia.

Mahari ya binti mara nyingi haikai. Ng'ombe wanaingia wiki hii, wiki ijayo wanatoka kwenda kumuolea kaka yake, au wanalipa deni la mwaka wa njaa. Ndiyo maana ukichelewa unakuta ukoo mzima unapinga: kumrudisha binti mmoja kunavunja ndoa ya kaka yake kwenye boma lingine. Kwa hiyo siku ya kuzuia ni kabla ng'ombe hawajavuka. Wakishavuka, kaeni na wazee wa pande zote mbili, mhesabu ng'ombe, mpange warudi lini na kwa awamu ngapi, iandikwe. Vinginevyo baba atakubali mbele yenu na kumsafirisha binti usiku, kwa sababu anadaiwa.

Sababu ya pili ni sekondari yenyewe. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, viatu, madaftari na chakula havikufutwa. Shule ya kata ikiwa mbali, binti anapangishiwa geto karibu na shule akiwa peke yake, na baba anasema wazi: kuliko apate mimba getoni nikose mahari, bora nimwoze. Hofu hiyo ni ya kweli. Jibu lake ni bweni, au nyumba ya ndugu karibu na shule, au baiskeli. Mahitaji yake yanunuliwe Novemba, yakae nyumbani yakionekana. Familia zilizo kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, hupokea ruzuku kwa masharti ya mahudhurio ya mtoto shuleni, kwa hiyo binti asiporipoti Januari fedha zinapungua. Wakumbusheni mapema, na iwe kwa heshima, msiifanye vitisho.

---

wakili_msaada

Naomba niweke mpaka hapo kwa ndugu yangu wa maendeleo. Kurudisha ng'ombe *kabla* binti hajachukuliwa ni sawa na kunasaidia. Binti akishachukuliwa na kuingiliwa, kuna kosa la jinai, na kikao cha wazee hakina mamlaka ya kulimaliza kwa ng'ombe wawili wa fidia. Mtendaji anayesimamia kikao cha namna hiyo anajiweka mwenyewe matatani. Zaidi ya yote, yule mtu akishalipa anaona ameruhusiwa.

---

mpakani_sirari

Huku Tarime kalenda ni nyingine. Kwa Wakurya ndoa inatanguliwa na ukeketaji, na msimu wake ni Desemba wakati shule zimefungwa. Binti akishakeketwa anahesabiwa mtu mzima na wachumba wanaanza kuja. Kwa hiyo kumzuilia ndoa bila kumkinga na ngariba ni kazi nusu. Aingie nyumba salama kabla msimu haujaanza.

Mkibana upande huu, anavushwa Kenya, au wa Kenya analetwa huku. Muwe na namba ya chifu wa upande wa pili. Kenya sheria haina mwanya: Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18 kwa wote, ridhaa ya mzazi haibadilishi kitu, na namba ya watoto ni 116 vilevile.

---

mwalimu_wa_malezi

Nashukuru sana, nimeandika yote. Nimebaki na moja. Binti mwenyewe anaposema mbele ya afisa kwamba ameridhia, na matokeo yake kweli ni mabaya, hakuchaguliwa. Hapo?

---

ustawi_wa_jamii

Kisheria ridhaa yake haibadilishi chochote, wakili ameshaeleza. Kiutendaji, usimwulize mama au shangazi akiwa amekaa pembeni. Mtoe, mkae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki, na usiulize "unataka kuolewa?" Uliza: "Ukikataa, kesho asubuhi nyumbani kutatokea nini?" Majibu yanakuja yenyewe. Kuna anayekimbia mama wa kambo, kuna anayekimbia njaa, kuna aliyeambiwa mama yake atapigwa kwa ajili yake. Kila jibu lina kazi yake, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye jalada.

Ambaye hakuchaguliwa, jalada lake lisifungwe. Kuna elimu nje ya mfumo rasmi chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na vyuo vya maendeleo ya wananchi viko 54 nchini, vingine vinapokea hata msichana mwenye mtoto. Aliyekatishwa masomo kwa mimba anaruhusiwa kurudi shule tangu tangazo la Serikali la Novemba 2021, na muda aliopewa ni miaka miwili, kwa hiyo usimwache akae nyumbani "mtoto akue kwanza" mpaka muda upite. Yule uliyemshuku kuwa alijifelisha makusudi, linganisha alama zake za la saba na za mtihani wa darasa la nne na za majaribio ya mkoa. Tofauti ikiwa kubwa, mpelekee afisa elimu kata kwa maandishi.

Na Januari, Jumatatu ya kwanza ya kufungua shule, nenda na ile orodha yako ya Agosti lango la sekondari. Usisubiri wiki mbili za "wataripoti tu". Asiyeonekana kufikia Jumatano, mjumbe wake afike nyumbani Alhamisi na aombe kumwona kwa macho.